Kila Nikipita Anashuka

Shamba la peasi, Victoria, Australia
12 Januari 2014

Shangazi Rona,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, na wenzangu wote kumi na mmoja wazima. Barua hii nampa dada mmoja wa kanisani anayekwenda mjini Vila, ataiweka kwenye ndege ya kisiwani kwetu Gaua. Sijui itafika lini.

Shangazi, nimepewa unyapara. Najua unacheka. Nyapara wetu wa mwaka jana amepata kazi Vila, hakurudi. Basi bosi Trish akatupanga mstari, akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha kidole kwangu. Nikageuka nyuma kuona anamwonyesha nani. Wenzangu wakaangua kicheko. Selwin akasema, "Bosi, huyu ukimkanyaga mguu anakuomba msamaha yeye!" Trish akamjibu, "Huyu anaona. Wewe unaongea tu."

Kweli naona. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo kazi yangu miaka yote imekuwa kutazama watu. Lakini kumtazama mtu mzima si sawa na kumwambia ongeza mwendo. Sauti inakataa kutoka.

Trish mwenyewe mkali. Asubuhi akianza kupiga kelele hata mbwa wake anaingia chini ya gari. Halafu juzi Selwin alivimba jino. Trish akaacha kila kitu, akamwendesha saa moja na nusu mpaka kwa daktari wa meno, wakarudi wanakula aiskrimu, Selwin nusu ya mdomo imekufa ganzi, inamchuruzika kifuani. Kesho yake asubuhi akamfokea Selwin huyo huyo kwa sababu anachuma matunda bila vikonyo. Nikajiuliza, huyu mama vitu viwili hivi anaviweka wapi kwenye mwili mmoja?

Ameniambia kazi yangu ni kupita. "Pita kila mstari, pita mara nyingi, wakuone. Ukikaa mbali wanalala." Basi napita.

Jambo jingine unalijua. Mume wa dada yangu Merilyn yuko kwenye kikosi changu. Sasa shemeji yangu nitamwamrishaje? Asubuhi nikiita majina, nikifika kwake naruka, maana jina lake si la kinywa changu, natikisa kichwa tu, naye anatikisa. Nikitaka ahame mti namwambia Selwin, "Mwambie yule ahamie ule wa pili." Na yule kasimama hatua tatu, kasikia yote. Selwin anamgeukia, anarudia neno kwa neno kama mkalimani wa askofu. Trish akatuona, akauliza, "Hawa wamegombana?" Nikasema hapana. Kueleza zaidi, Kiingereza kikaniishia.

Lakini shangazi, yule mtu ana adabu. Tunachumia kwenye ngazi za miguu mitatu, ndefu. Kila nikipita mstari wake anashuka, anasimama chini mpaka niishie, ili miguu yake isiwe juu ya kichwa changu. Huku ugenini! Hakuna mzee hata mmoja wa kumwangalia. Hata kama mfuko wa matunda wa kifuani umejaa, anashuka nao. Naona raha sana. Nasema, kumbe kwetu tumekuja nako.

Msalimie mumeo mwenye masikio ya popo. Mwambie nimeona kangaroo amesimama njiani ameshika tumbo, nikafikiri ni yeye kaja kunitembelea.

Mwanao,
Ansley

*

Gaua
29 Januari 2014

Ansley mwanangu,

Barua imefika, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nilikuwa jikoni shuleni, wanawake wote wakataka kusikia, nikawasomea. Uliposema umegeuka nyuma kuona nani anaonyeshwa, mmoja alikaa chini kwa kicheko, ugali wa mihogo ukaungua kidogo.

Mume wangu anasema kangaroo angalau ana mfuko tumboni, wewe hata mfuko wa suruali umetoboka. Anasema pia ukirudi atakufunga kwenye mnazi usiku mmoja ujifunze heshima. Mimi nimemwambia heshima yako kwake haipo tangu ulipozaliwa na haitakuwepo, ndivyo mtoto wa kaka alivyo kwa mume wa shangazi, avumilie tu.

Kuhusu kazi. Mimi nina wanawake saba jikoni na watoto mia mbili wa kulisha. Nawafokea, wote wanajua. Lakini namjua aliyeamka na mtoto mgonjwa, na huyo simpi sufuria kubwa siku hiyo. Na kuni nabeba. Mwaka wa kwanza sikubeba, nilikuwa nasimama mlangoni na mikono kiunoni, nikashangaa kwa nini chumvi inazidi kila siku. Wewe anza kwa kubeba. Sauti itakuja.

Sasa nisikilize hapa. Mwangalie Bartley, mume wa dada yako, vizuri. Mimi naweza kumtaja, wewe usimtaje. Miaka sita anaishi kwenye boma la baba yako. Miaka sita akiingia anainama, na akitaka kikombe cha kwenye rafu na wewe au baba yako mmekaa chini ya rafu hiyo, anabaki na kiu yake. Si kosa la mtu, ndivyo tulivyo. Ila mtu naye anataka mahali pa kusimama wima. Nguzo za nyumba yao zimeshasimama, nilipita jana, Merilyn ameanika nguo juu yake. Imebaki bati na sakafu. Msimu huu na mmoja mwingine, wanahamia. Akirudishwa kwa ubaya hataitwa tena, na nguzo zitaoza zikiwa na nguo za dada yako juu yake.

Shangazi yako,
Rona

*

Shamba la peasi
16 Februari 2014

Shangazi,

Leo Jumapili. Wenzangu wameenda mtoni kuoga, mimi nimebaki. Hawakuniita.

Mambo si mazuri. Hapa kila mtu anajaza masanduku makubwa ya mbao, yale yanayobebwa na trekta. Wengi wanajaza manne kwa siku, Selwin na mdomo wake wote anajaza manne na nusu. Mume wa Merilyn anajaza mawili na kidogo. Halafu matunda yake yamechubuka.

Trish aliniita. Akasema, "Huyu mtu wako, kila nikitazama upande wako yuko chini amesimama. Wewe unapita na yeye amesimama tu anakutazama! Wanakuchezea, Ansley. Wewe mpole mno." Nikataka kusema. Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema, "Ndiyo bosi."

Basi nimekuwa mkali, shangazi. Nilianza na kubeba kama ulivyosema, nikabeba ngazi za watu wiki nzima, wakaniachia nizibebe zote. Ndipo nikafoka. Sauti ilitoka kubwa, hata mimi nikashtuka, nikageuka kuona nani anapiga kelele. Kesho yake ikawa rahisi. Sasa napita kila nusu saa. Na yeye nampita mara nyingi kuliko wengine wote, kwa sababu ndiye yuko nyuma. Namwambia Selwin kwa sauti, "Mwambie yule, saa imekwenda!" Selwin siku hizi harudii. Anasema, "Amesikia."

Lakini masanduku yanazidi kupungua. Napita zaidi, yanapungua zaidi. Mwanzoni nilifikiri anaumwa. Sasa nafikiri ananidharau kwa sababu mimi mdogo na sikusoma. Au ile adabu ya kushuka imegeuka kuwa mapumziko.

Ijumaa Trish alileta karatasi ya onyo. Kwa huku karatasi mbili ni ndege ya kurudishwa nyumbani. Akaniambia, "Nyapara ndiye anayesema ya nani." Jina nisingeweza kulitaja, nikaweka kidole kwenye orodha, yeye akaandika, mimi nikatia sahihi. Mume wa Merilyn aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anapewa sahani. Jioni nilimkuta anafua nguo za kazi. Nilivyoingia akaacha ndoo akatoka nje.

Usimwambie Merilyn. Mumeo leo simtanii, sina nguvu.

Ansley

*

Gaua
3 Machi 2014

Ansley,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimeona aibu kwa ajili yako. Leo sitakuita mwanangu mpaka nimalize.

Wewe ndiye unayeona, siyo? Mwezi wa kwanza uliniandikia mwenyewe kwamba kila ukipita anashuka. Ukasema unaona raha. Sasa niambie: unapita mara ngapi? Anashuka mara ngapi? Anasimama chini muda gani mpaka uishie? Na ule mfuko uliojaa, akishuka nao na kupanda nao, matunda yatafanya nini kama siyo kuchubuka? Mimi sijaona mti wa peasi maisha yangu, nimekaa hapa nakuna nazi, nimeona.

Umempita zaidi kwa sababu yuko nyuma. Yuko nyuma kwa sababu unampita. Halafu umempa karatasi.

Utasema kwa nini hakusema. Angesema nini? Amwambie kaka wa mkewe "usipite hapa"? Yule atakufa kabla ya kulitamka. Amwambie yule mama wa Kizungu? Atakuwa amekushtaki wewe. Alikuwa na mlango mmoja tu, na wewe ndiye uliyesimama mlangoni.

Sikukatazi ukali. Ungekuwa mpole ningekuandikia barua kali zaidi, kwa sababu masanduku mawili ni machache na kikosi kizima kinatazamwa, na mwaka kesho wote wa Gaua wanaweza kuachwa kwa ajili ya mmoja. Lakini ulimfokea mtu kabla hujasimama mahali alipo. Upole wako wa mwanzo ulikuwa hivyo hivyo. Ulifurahi anashuka, hukujiuliza anashuka kwa gharama gani.

Nenda ukahesabu. Ukishahesabu utajua la kufanya, na hutalipenda.

Merilyn hajui. Juzi ameniomba nimsaidie kuchagua upande wa dirisha.

Mwanangu, kula vizuri.

Rona

*

Jumatano, 19 Machi

Ansley,

Karatasi ya pili ya shemeji yako nimeshaijaza, masanduku yake bado ni mawili. Imebaki sahihi yako. Ijumaa saa moja asubuhi, ofisini, na yeye awepo. Ndege yake Jumatatu.

Najua ni ndugu yako. Mimi nilimfukuza kaka yangu kwenye shamba hili hili, mwaka wa ukame, na Krismasi ile nilikula peke yangu. Sitakudanganya kwamba inazoeleka. Lakini nina watu thelathini hapa na siwezi kuwa na sheria ya mmoja.

Kula kitu kabla hujaja.

Trish

Viatu vyako vimeachia soli. Nimeweka jozi ya mwanangu kwenye ngazi za nyuma, jaribu kama vinakutosha.

*

Shamba la peasi
23 Machi 2014

Shangazi,

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya kutia sahihi. Niliisoma chooni kwa sababu ndiko kuna mlango.

Nikafanya ulivyosema. Sikupita. Nilimwachia Selwin mistari yote, mimi nikakaa nyuma ya trekta na saa ya mkononi, nikamtazama mume wa Merilyn kupitia matundu ya masanduku. Shangazi, yule mtu anachuma kwa mikono miwili, hatazami, vidole vinajua vyenyewe. Kwa muda wa saa moja na nusu tu akawa amejaza sanduku zima. Jirani yake alikuwa bado hajalimaliza lake. Nikatoka nyuma ya trekta, nikapita mstari wake mara moja, kama kawaida yangu, mwanzo mpaka mwisho, huku nikitazama saa. Mstari una hatua mia tatu. Akashuka nilipoingia, akapanda nilipotoka. Dakika saba. Mimi nilikuwa nampita mara kumi na tano, siku nyingine kumi na sita.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani.

Ijumaa nikaenda ofisini. Vile viatu vilinitosha, sikuvivaa. Yeye alishafika. Kulikuwa na viti vitatu, yeye alikaa kwenye kizingiti, kwa sababu hakujua mimi nitakaa wapi. Selwin naye alikuja, alisema amekuja kutafsiri, lakini nadhani alikuja kuona.

Trish akasogeza karatasi na kalamu. "Tia sahihi tumalize."

Nikasema, "Hapana."

"Ansley, tumeshaongea. Huu upole wako..."

"Siyo upole, bosi. Kosa ni langu."

Nikaeleza. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa watu watatu. Kiingereza kilikatika katikati nikachora. Nikachora ngazi, nikachora mtu juu, nikajichora mimi nimepita chini, nikachora miguu yake na kichwa changu, nikapiga alama ya X. Nikaandika saba mara kumi na tano. Trish aligeuza mchoro upande wake.

Akasema, "Kwa hiyo nani alikuwa anashuka?"

Nikasema, "Yeye."

"Yeye nani? Nataka niandike hapa. Sema jina."

Orodha haikuwepo mezani, shangazi. Nilitafuta mahali pa kuweka kidole. Nikamtazama Selwin, Selwin akafungua mdomo anisaidie. Nikaona akilisema Selwin itakuwa ni Selwin ndiye aliyemtetea, mimi nimechora tu. Karatasi ya kwanza nilijificha kwenye kidole. Nikalitaja. Nikasema Bartley. Nikasema Bartley ndiye mchumaji mzuri kuliko wote hapa, na mimi ndiye niliyemshusha.

Selwin alishika kichwa. Yeye pale kizingitini alitazama chini. Trish hakujua kimetokea nini, aliona tu sura zetu. Akauliza, "Nini? Nimesema nini?"

Halafu akaniuliza mimi. "Mwezi mzima. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nipite."

"Nilisema upite ili uone!"

Akaenda dirishani, akarudi. Akachana ile karatasi ya pili. Ya kwanza akaitoa kwenye faili, nikafikiri ataichana nayo. Akakata jina la Bartley kwa mstari mmoja, juu yake akaandika langu. Akasema, "Onyo lilikuwa la haki, lilikwenda kwa mtu asiyestahili. Sasa limefika." Nikamwambia achukue na unyapara. Akasema, "Ungependa sana. Hapana. Jumatatu saa kumi na mbili, kama kawaida. Mstari wake hupiti tena, unakagua sanduku likishafika mwisho. Na mengine kama haya ya kwenu nayataka leo, yote, chora."

Nikachora mpaka saa nne. Ikabidi Selwin asaidie, alimweleza mpaka utani wangu na mumeo, Trish akacheka akataka kujua masikio yenyewe yakoje.

Kwa hiyo harudi, shangazi. Anabaki. Lakini nimemtaja jina. Tangu Ijumaa hanitazami. Alikuwa haongei nami kwa adabu, sasa haongei kwa kitu kingine, na mimi najua tofauti. Wenzangu hawasemi kama nimefanya vizuri au vibaya. Niambie nifanye nini.

Ansley

*

Nyumba ya wafanyakazi
24 Machi 2014

Kwa kaka wa mke wangu,

Nimempa Selwin akuletee hii, ingawa kati ya kitanda changu na chako kuna vitanda vitatu tu. Amesema hataifungua. Ameshaifungua.

Umetaja jina langu mbele ya mwanamke mgeni. Kwa hilo nataka nguruwe wa fidia. Sitaki mtoto wa nguruwe, nataka dume aliyekwisha kutoa meno ya kujipinda. Selwin anasema nikusamehe tu, kwa kuwa umeniokoa. Sitaki kukusamehe. Nikikusamehe bure, itakuwa ulifanya kitu cha bure. Ulijua ni jambo zito na ukalifanya mbele yangu, nilikuona unavyotafuta mahali pa kuweka kidole. Nataka watu wa kwetu wamwone nguruwe huyo anavushwa kuja kwenye nyumba yangu, waulize ni wa nini, na waambiwe.

Na mimi nina langu. Mwanzo nilishuka kwa adabu. Ulipoanza kunifokea kupitia Selwin, niliendelea kushuka, lakini polepole. Ukishapita nilibaki chini, nakula tunda. Nilisema moyoni, mwache apite mpaka achoke, anirudishe nyumbani, nikamwonyeshe Merilyn sahihi ya kaka yake. Kwa hiyo lile onyo halikuwa lako peke yako. Bosi sijamwambia. Nitamwambia kesho, aandike majina mawili. Kwa hilo, kava ya kunywa tukipatana nitaleta mimi.

Sasa kazi. Matunda ya mwisho haya ni laini, na mimi mkono wangu wa kushoto unabana sana. Ukikagua sanduku langu ukakuta tunda lililochubuka, usimwambie Selwin, usifoke, usiliondoe kimya kimya ukafikiri unanisaidia. Liweke juu ya sanduku tupu mwanzo wa mstari, nilikute. Nitaelewa.

Yakiwa kumi, weka yote kumi.

Mume wa Merilyn